Laya: maana ya "mwendo" katika muziki wa India Kaskazini

Neno la Kihindi linalotaja mwendo wa muziki ni laya, लय. Katika matamshi ya kila siku irabu ya mwisho humezwa, na neno husikika karibu na "lai". Mwendo wa polepole huitwa vilambit, विलंबित. Wa kati ni madhya, मध्य. Wa haraka ni drut, द्रुत. Anayetafsiri maelezo ya wimbo kwa Kiswahili anaweza kuandika "mwendo" na asiwe amekosea. Lakini akiandika "kasi", nusu ya maana imeshamtoka, na nusu hiyo ndiyo inayofaa kuelezwa hapa.

Katika karne ya 13, mwanazuoni Sharngadeva, aliyeishi Devagiri katika Dakani, uwanda wa juu wa India ya kati na kusini, aliandika kwa Kisanskriti kitabu kikubwa cha muziki kiitwacho Sangita Ratnakara. Humo anasema laya ni pumziko linalofuata tendo. Tendo ni kofi la mkono au pigo la ngoma. Laya ni ile nafasi iliyopo kabla kofi la pili halijaja. Kisha anapanga daraja tatu: drut ndiyo ya upesi zaidi, pumziko la madhya ni mara mbili ya lile la drut, na la vilambit ni mara mbili ya lile la madhya. Ukiitazama hivyo, upesi ni matokeo tu. Kinachopimwa hasa ni muda ulio kati ya pigo na pigo. Nadhani maelezo haya yanamfaa mwanafunzi kuliko mengi yaliyoandikwa baadaye, kwa sababu mtu anayepoteza mwendo mara nyingi hupiga pigo lake vizuri kabisa; anachoshindwa ni kungoja.

Kungoja huko ndiko kunakosikika katika uimbaji wa khayal, mtindo mkuu wa sauti wa India Kaskazini. Khayal kubwa huanza kwa vilambit, na baadaye hufuata khayal ndogo kwa drut. Ustad Amir Khan wa Indore, aliyefariki 1974, alijulikana kwa mwendo wa polepole mno, uitwao ati-vilambit. Katika mwendo wa aina hiyo, mzunguko mmoja wa mapigo 12 unaweza kuchukua karibu dakika nzima. Mpiga tabla, yaani jozi ya ngoma ndogo za mkono, hulijaza kila pumziko kwa mapigo madogo ili mwimbaji asipotee, naye mwimbaji hutandaza sauti moja moja ya raga, yaani mpangilio wa sauti unaoongoza wimbo, bila pupa.

Teknolojia nayo iliwahi kuugusa mwendo huu. Gauhar Jaan aliporekodi santuri mjini Calcutta mwaka 1902, upande mmoja wa sahani ulibeba takriban dakika tatu tu. Hapakuwa na nafasi ya vilambit ya kweli. Waimbaji wa zama hizo walilazimika kuingia moja kwa moja katika mwendo wa kati au wa haraka, na anayesikiliza sahani hizo leo asidhani kwamba ukumbini nako waliimba hivyo.

Neno linalochanganywa sana na laya ni tala, ताल. Tala ni mzunguko wa mapigo wenye idadi maalumu, na kila pigo huitwa matra, मात्रा. Teental ina matra 16, zikagawanywa nne nne. Ijaribu kwa mikono: piga kofi kwenye matra ya 1, ya 5 na ya 13, na kwenye ya 9 usipige kofi, punga mkono hewani. Pigo la 1 huitwa sam, सम, nalo ndilo kituo ambako mwimbaji na mpiga tabla hukutana. Pigo la 9 ni khali, खाली, yaani tupu. Teental hubaki Teental ukiihesabu polepole au haraka: mapigo ni yaleyale 16 na khali iko palepale. Kilichobadilika ni laya.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama, hasa wanapofika kwenye dugun, दुगुन. Mwalimu husema "imba dugun", nao huharakisha kila kitu, mikono pamoja na sauti. Sivyo. Dugun maana yake silabi mbili ziingie ndani ya matra moja huku matra yenyewe ikikaa kama ilivyokuwa. Tigun ni tatu ndani ya moja, chaugun nne. Ipo pia aad, ambamo tatu husimama juu ya mbili, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote hizo kwa anayeanza. Sikio lililolelewa na chakacha lina nafuu hapa, kwani mapigo matatu yanayosigana na mawili si mageni kwake. Ustadi wote huu wa kucheza ndani ya mwendo usiobadilika huitwa layakari. Ili kujua kama umefaulu, tazama mikono yako: ikiwa makofi yameongeza upesi, umebadilisha laya na hujaimba dugun.

Kusini mwa India, katika muziki wa Karnatak, laya huchukua maana pana zaidi na kugusa elimu yote ya mapigo. Mfasiri ajue kwanza maandishi yake yametoka upande gani.

Ndani na nje ya muziki, Kihindi hulitumia neno hili kila siku. Lay badhao, लय बढ़ाओ, ni kumwambia mpigaji aongeze mwendo. Lay tut gayi, लय टूट गई, ni mwendo umekatika. Husemwa kwa wimbo, na pia kwa shairi lililopoteza mizani. Watangazaji wa kriketi humsifu mchezaji aliyerudi katika ubora wake kwamba yuko lay mein, लय में.

Kwa msomaji wa Pwani, msamiati huu si wa mbali. Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Mombasa nako, Juma Bhalo alijulikana kwa nyimbo za Kiswahili zilizobeba sauti za filamu za Kihindi, na tabla pamoja na hamonia zikawa sehemu ya taarabu ya mji huo. Tala mbili zinazotawala nyimbo za filamu ni Keherwa, yenye matra 8, na Dadra, yenye matra 6 zilizogawanywa tatu tatu. Unaposikiliza taarabu ya namna hiyo, hesabu kwanza: nane au sita? Ukishapata tala, acha kuhesabu na usikilize nafasi kati ya pigo na pigo tangu beti la kwanza hadi la mwisho. Nafasi ikipungua kidogo kidogo, waimbaji wa India wangesema laya imepanda, ingawa tala haijaguswa.