Dhana potofu tunazotoka nazo kwenye filamu za dini

Hapa Bagamoyo, Ijumaa Kuu ikikaribia huwekwa filamu ya mateso ya Yesu, na Ramadhani ikiingia huwekwa ya habari za Mtume. Barazani hufuata mabishano yale yale.

Dhana: The Message imemwigiza Mtume.
Si kweli. Katika filamu hiyo ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976, Mtume Muhammad (S.A.W.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Anthony Quinn, ambaye wapo wanaomdhania kuwa ndiye, anamwigiza Hamza, ami yake.

Dhana: Kila pigo la The Passion of the Christ limo kwenye Injili.
Yohana 19:1 inaitaja mijeledi kwa sentensi moja tu. Mel Gibson, mwaka 2004, aliirefusha hadi mtazamaji anafumba macho, na mengine akayachota kwenye maono ya mtawa wa Kijerumani, Anne Catherine Emmerich. Msanii ana haki hiyo. Mhubiri anayeinukuu filamu kama Maandiko hana.

Dhana: Ukisamehe, mnarudi kuwa kama zamani.
Hii ndiyo inayoumiza watu. Mke aliyepigwa huambiwa, "Mbona Yesu alisamehe msalabani?" Ni kweli, Luka 23:34 anawaombea. Lakini asiye na kosa haombewi msamaha. Ombi lenyewe linalitaja kosa.

Na turudi kwa Hamza. Aliuawa kwenye vita vya Uhud, mwaka 625, kwa mkuki wa Wahshi, mtumwa wa Kihabeshi aliyeahidiwa uhuru iwapo angemuua. (Katika mji uliopitiwa na misafara ya watumwa, uzito wa ahadi ile hauhitaji maelezo.) Baadaye Wahshi alisilimu. Hadithi iliyopokewa na Bukhari inasema Mtume hakumdhuru, ila alimuuliza kama angeweza kuuficha uso wake asimwone. Kisasi hakikulipwa, na ukaribu haukulazimishwa. Sijui kwa nini wasuluhishi wetu hulisahau hilo la pili.

Dhana: Imani ya kweli huondoa mateso.
Bilal, mtumwa aliyesilimu Makka, alilazwa kwenye mchanga wa moto na jiwe kifuani kwa sababu ameamini. Aliyemtoa ni Abubakar, sahaba wa Mtume, aliyetoa mali yake kumkomboa, kama mapadri wa Roho Mtakatifu walivyowakomboa watumwa hapa hapa Bagamoyo baada ya kufungua misheni yao mwaka 1868.