Je, wajua mpiga saksafoni huvuta pumzi saa ngapi?

Mwaka 1997, katika duka moja la muziki jijini New York, mpiga saksafoni Kenny G alishika noti moja bila kuikata kwa dakika 45 na sekunde 47. Hicho ni kipindi kizima cha mpira, na dakika ya majeruhi juu yake.

Wengi hudhani ana mapafu ya ajabu. La. Siri iko mashavuni, na sisi wa Mombasa tumeiona harusini miaka yote bila kuitambua. Mtazame mpiga zumari ngoma inapokolea: mashavu yamemfura, sauti haikatiki. Usiangalie vidole, angalia pua. Mara tundu zinatanuka ghafla, shavu linanywea, kisha linajaa tena. Hapo ndipo amevuta pumzi.

Inakuwaje? Kabla hewa ya mapafuni haijamwishia, huweka akiba kinywani. Kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya kinywa, huziba njia ya kwenda kooni. Mashavu na ulimi husukuma ile akiba nje, na papo hapo pua huingiza hewa mpya. Kaakaa likifunguka, mapafu yanaendelea na kazi.

Jaribu mwenyewe. Chukua glasi ya maji na mrija kama ule wa dafu, upulize mapovu polepole. Sasa vuta hewa kwa pua bila kuyakatiza. Siku ya kwanza yatakatika tu, maana mwili umezoea kutoa au kuingiza, si vyote kwa pamoja. Usikate tamaa.

Zumari ina nafuu yake: tundu la kupulizia ni jembamba, kwa hiyo akiba ya mashavuni hudumu. Saksafoni kubwa hula hewa nyingi, na akiba hiyo huisha upesi mno. Ile ambayo Kenny G anajulikana nayo zaidi ni soprano, ndogo na iliyonyooka, ambayo kwa umbo ni kama binamu wa zumari. Naamini kabisa kwamba mafundi wetu wa zumari wanastahili heshima ileile anayopewa yeye.

Ukimsikiliza mmoja wao kwa makini, utasikia sauti ikitikisika kidogo sana, kama mwali wa taa uliopitiwa na upepo. Pumzi imeingia wakati huo.