Je, wajua kwa nini kishikwambi kimoja hufundisha na kingine hugeuka sinia?

Mwaka 2012 watafiti walitoa matokeo ya kazi yao katika shule 319 za vijijini nchini Peru. Serikali ya huko ilikuwa imenunua mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo za bei nafuu, zile za kijani na nyeupe, ili kila mtoto awe na yake. Katika shule zilizopewa, kompyuta zilitoka 12 kwa kila wanafunzi 100 hadi 118, yaani zikabaki na za ziada. Ndani ya kila moja mlikuwa na vitabu 200 vya watoto. Ikapita miezi 15. Watoto wakapewa mtihani wa hisabati na wa lugha, wakalinganishwa na wenzao ambao hawakupewa kitu. Hakuna tofauti. Hata tabia ya kusoma vitabu haikubadilika, pamoja na maktaba nzima kuwekwa kwapani mwa kila mtoto.

Sasa njoo Tanga. Kati ya 2017 na 2019, watoto karibu 3,000 wa vijiji vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye programu za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa mashindano ya taasisi ya XPRIZE ya Marekani, fedha akitoa Elon Musk, na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakishirikiana kuyasimamia. Watoto hao wengi hawakuwa wamewahi kwenda shule. Darasa halikuwepo, mwalimu hakuwepo. Kilichokuwepo ni kituo cha kuchaji kwa sola na mtu wa hapohapo kijijini wa kukiangalia. Mwanzoni zaidi ya watoto 90 kati ya 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, muda uleule wa Peru, wasioweza kusoma hata neno moja walikuwa wamepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Niseme mapema kwamba nusu si wote, na kwamba watoto wa Peru walikuwa shuleni tayari, kwa hiyo hii si mizani iliyosawazishwa vizuri. Lakini swali linabaki palepale. Vifaa ni vya ukoo mmoja, muda ni uleule. Kwa nini kimoja kilifundisha?

Jibu nililipata kwenye darasa ambalo hata umeme halikuwa nao. Niliwahi kukaa siku mbili nyuma ya darasa la kwanza katika shule moja ya msingi, watoto wapatao 90, wengine sakafuni. Mwalimu anagonga ubao kwa fimbo, darasa zima linaitikia: "Ba! Be! Bi! Bo! Bu!" Raha kusikiliza. Paa la bati linatetemeka. Wakati wa mapumziko kijana mmoja alinisogelea, "Shikamoo, mwalimu," maana kwa mtoto wa darasa la kwanza kila mtu mzima aliye shuleni ni mwalimu. Nilikuwa nimeshika kadi iliyoandikwa BU. Nikamuuliza, hii ni nini? Akanyamaza. Kisha akaanza kunong'ona huku akikunja vidole, kimoja kimoja: ba, be, bi, bo... "Bu!" Nikamwonyesha BO. Akaanza tena kutoka ba.

Hakuwa anasoma. Alikuwa anaimba wimbo na kusubiri ufike kwenye kituo alichodhani ndicho. Na mwalimu wake, mama mmoja mchapakazi kwelikweli, hakuwa na namna ya kujua, kwa sababu sauti 90 zikipaa pamoja hakuna anayesikia ya mmoja. Akitaka kumsikiliza kila mtoto kwa dakika moja tu, kipindi kimekwisha, kingine kimekwisha, na bado foleni ipo.

Hapo ndipo programu za kujifunzia zinapofanya kazi yao. Chukua mfano. Kioo kinaonyesha silabi tatu, sauti inasema "bu", mtoto aguse. Akigusa BO, programu haigombi wala haiendelei. Inarudia kwa njia nyingine, labda kwa picha, na baadaye inamwuliza tena kwa mpangilio tofauti ili asikariri mahali badala ya herufi. Akipata mara kadhaa, inasogea. Jirani yake yuko kwenye maneno mazima na hakuna anayemsubiri mwenzake. Wataalamu huita hilo ufundishaji unaomlenga mwanafunzi. Kwa lugha ya nyumbani ni kumsikiliza mtoto kwanza, ndipo umjibu. Kompyuta za Peru hazikuuliza. Zilikuwa kabati lililojaa vitu vizuri: vitabu, michezo, vifaa vya kuchorea na muziki. Nyingi ya programu zake hazikufungamana na masomo ya darasani, na walimu hawakupewa maelekezo ya kutosha ya kuzitumia. Kwa haki, watoto wale walionyesha nafuu kiasi katika vipimo vya jumla vya kufikiri. Lakini kabati halijui kama uliyelifungua unasoma au unaimba.

Nadhani Kiswahili nacho kilisaidia. Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti moja. Silabi karibu zote huishia na irabu. Mtoto akishika "ku", ni "ku" ileile katika kuku, kuni na kukimbia. Akizimaliza silabi, ana ufunguo wa neno lolote, hata asilolijua maana. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo, kila neno kwake ni kesi mpya. Miezi 15 bila mwalimu kwa Kiingereza ningeitilia shaka.

Usifikiri hili ni jambo la vifaa vya kisasa peke yake. Miaka ya 1990, shule za Busia, magharibi mwa Kenya, ziligawiwa vitabu vya kiada. Watafiti walipofuatilia, walikuta walionufaika ni wale waliokuwa wanaongoza tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao ni lugha ya tatu. Kitabu kilianza mbele yao, wakabaki wanakitazama kikiondoka. Ni Peru ileile, ila ya karatasi.

Kisha, mwaka 2005, shule 121 za magharibi mwa Kenya zikaongezewa mwalimu mmoja wa darasa la kwanza. Darasa lenye wastani wa watoto 84 likagawanyika mawili. Katika nusu ya shule waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa kiwango: waliotangulia huku, wanaosuasua kule. Wengi walitabiri kwamba waliowekwa pamoja nyuma wangedidimia. Kumbe makundi yote mawili yaliwashinda wenzao wa shule zilizochanganya, kwa sababu mwalimu aliyesimama mbele ya wanaosuasua hakuwa na wa kumkimbilia mbele. Ilibidi aanze walipo. Mimi bado nina wasiwasi na jambo hili, maana mtoto huijua haraka kambi aliyotupwa, na jina la "darasa la wajinga" halikawii kuzaliwa. Makundi yanayobadilika kila mwezi na kila somo yananikaa vizuri zaidi.

Kujua mtoto yuko wapi nako si kazi ya mashine. Jaribio la Uwezo, ambalo kwa miaka mingi limepelekwa nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda, ni karatasi tu: silabi, maneno, aya, hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mtu anakaa na mtoto mkekani, anamsikiliza anasoma, anaandika alipokwama.

Siku hizi walimu wengi wa Tanzania wana kishikwambi mkononi, vile vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 vikagawiwa shule. Ukimwuliza mwalimu anakitumiaje, mara nyingi utaambiwa kuandaa somo, kutuma takwimu, kusoma miongozo. Ni kazi halali. Ila kishikwambi kimoja cha mwalimu mbele ya watoto 90 hakiwezi kumsikiliza kila mmoja, na kukionyesha juu kama picha ni ubao mdogo kuliko ule wa chaki.

Yule mama mwalimu nilimweleza kisa cha kijana wa BU. Hakufurahi, na sikumlaumu. Kesho yake alikuja na maboksi ya sabuni aliyoyakata kadi usiku, kila kundi la watoto sita rundo lake, silabi zimevurugwa. Kiranja wa kundi anachomoa, wenzake wanasema, mwalimu anapita katikati ya mikeka na daftari, anaandika majina. Kelele zilikuwa mbaya kuliko jana. Kijana wangu alipata BU, akakunja kidole cha kwanza, akasita. Mwenzake akaweka BU nyingine ubavuni mwake. Akazitazama mbili zinazofanana, midomo ikachezacheza, kisha akapasuka kwa kicheko na kumnyooshea kidole aliyeweka: "Bubu!"