Akihabara: dhana potofu na ukweli kuhusu Mtaa wa Umeme wa Tokyo

Dhana: Akihabara ilijengwa kwa ajili ya mashabiki wa anime, yaani filamu za katuni za Kijapani.

Anime ni mgeni wa juzi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanafunzi wa chuo cha ufundi wa umeme kilichokuwa jirani, katika eneo la Kanda, waliunganisha redio na kuziuza, na wachuuzi wakapanga vipuri kando ya barabara: valvu, waya, spika. Mwaka 1949 utawala wa kijeshi ulioongozwa na Wamarekani uliamuru vibanda vya barabarani viondolewe, na wengi wakahamia chini ya reli inayopita juu ya nguzo. Sehemu ya vichochoro hivyo ipo mpaka leo, na muuzaji anakupimia waya kwa mita. Baadaye ikaja zamu ya friji, runinga na mashine za kufulia. Maduka makubwa ya pembezoni mwa miji yalipowachukua wateja hao, mtaa ukaegemea kompyuta, biashara ambayo kampuni ya NEC ilikwishaitangulia kwa kufungua Bit-Inn, kituo cha kompyuta, ndani ya jengo la Radio Kaikan mwaka 1976. Usiku wa kuamkia 23 Novemba 1995 watu walijaa Akihabara kungojea Windows 95 ya Kijapani.

Hapo ndipo anime ilipopata mlango. Aliyekuwa akijiundia kompyuta mwenyewe mara nyingi ndiye huyohuyo aliyekusanya sanamu za wahusika wa katuni, na wauza sanamu wakamfuata alikokuwa akinunulia vipuri. Cure Maid Café, mkahawa wa wahudumu wenye sare za watumishi, ilifunguliwa mwaka 2001, na ukumbi wa AKB48, kundi la waimbaji wasichana, Desemba 2005. Kwa hiyo anayesema otaku (mashabiki sugu wa anime na mambo kama hayo) wameua mtaa wa elektroniki hajui kwamba ni wateja walewale.

Dhana: Ukinunua kifaa kule, nyumbani unabadilisha plagi tu.

Hii ndiyo inayounguza vitu. Umeme wa Japani ni volti 100. Tanzania na Kenya ni 230 hadi 240. Adapta ya plagi hubadilisha umbo la pini, haipunguzi volti. Katika kifaa cha kupasha joto, nguvu hupanda kwa mraba wa volti: sufuria ya umeme ya kupikia wali ya wati 700, ukiichomeka kwenye volti 230, itavuta karibu wati 3,700, na fyuzi yake ya joto au ubao wake wa saketi utakufa kabla maji hayajachemka.

Soma kibandiko kilicho nyuma au chini ya kifaa. Kikiandikwa INPUT 100-240V, kama zilivyo chaja nyingi za simu, kamera na kompyuta mpakato, adapta inatosha. Kikiandikwa 100V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo unaozidi wati za kifaa: kwa sufuria ile, chukua ya wati 1,000 au zaidi, nayo ina uzito wa kilo kadhaa. Afadhali uulize dukani toleo la nje ya nchi, kaigai shiyō, lililotengenezwa kwa volti 220 hadi 240. Angalia pia hezi. Tokyo ni 50 kama kwetu, Osaka ni 60, na vifaa vingi huandikwa 50/60.

Redio nazo zina lao. FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio nyingi za zamani huishia 90, wakati stesheni zetu zimetawanyika kati ya 87.5 na 108. Mwenye gari la mtumba kutoka Japani anaujua ugonjwa huu. Hata fundi akifunga kijisanduku cha kushusha masafa kati ya antena na redio, namba kwenye kioo hazilingani tena na za stesheni. Diski za filamu za Blu-ray nazo: za Japani ni za kanda A, Afrika ni kanda B, hivyo mashine ya kwetu huenda isizisome, na nyingi hazina maandishi ya Kiingereza.

Dhana: Simu za mtumba za Akihabara ni salama zote, maana Wajapani ni waaminifu.

Uaminifu wao upo kwenye lebo, ila lazima uisome. Neno ジャンク (janku) maana yake kifaa kinauzwa kilivyo: hakuna dhamana, hakirudishwi, na huenda hakiwaki. Mafundi huzinunua kwa ajili ya vipuri. Kisha tafuta alama ya mtandao, inayoonyesha kama kampuni ya simu inairuhusu simu hiyo kutumika. ○ ni safi, △ mwenye kwanza bado analipa kwa awamu, × imefungiwa. Ya △ inaweza kugeuka × ukiwa umeshalipa, mwenye kwanza akiacha kulipa. Maduka mazuri hutoa dhamana ya kubadilisha simu likitokea hilo, basi tunza risiti. Bonyeza *#06# ulinganishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye lebo. Kufunga simu kwa laini ya kampuni moja kulikatazwa kwa kawaida kuanzia Oktoba 2021. Kwa simu za kabla ya hapo, uliza.

Dhana: Sanamu ya bei ya chini ni feki.

Si lazima. Nyingi ni zawadi za mashine za kukamata kwa makucha, kazi halali ya kampuni kama Banpresto, Taito au FuRyu, na sanduku lake halina bei. Ukiona sanamu moja ina bei mbili katika duka moja, huenda uko kwenye kabati za vioo za kukodi, ambako kila mwenye kisanduku hujipangia bei.

Dhana: Kila mgeni husamehewa kodi.

Ni mgeni wa muda mfupi tu. Mwanafunzi au mfanyakazi anayeishi Japani hulipa asilimia 10 kama wenyeji. Msafiri anahitaji pasipoti halisi, nakala haikubaliwi, na manunuzi ya kuanzia yeni 5,000 bila kodi, duka moja, siku moja. Kuanzia 1 Novemba 2026 unalipa yote kwanza, kisha unarejeshewa forodha ikishathibitisha kwamba unaondoka na bidhaa.

Dhana: Otaku ni wanaume wapweke wanaojifungia ndani.

Sifa hiyo mbaya ina historia. Mwandishi Akio Nakamori alilitumia neno hilo kwa dharau katika jarida mwaka 1983, na kesi ya mauaji ya watoto ya 1989 ikalichafua zaidi. Lakini Comiket ya kwanza, soko la vitabu vya katuni vinavyochapishwa na mashabiki wenyewe, Desemba 1975, ilikuwa na watu kama 700, wengi wao wasichana wa shule waliopenda manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani. Leo wapo otaku wa treni, wa kamera, wa waimbaji. Wanawake wengi hununua Ikebukuro, mtaa mwingine wa Tokyo, si Akihabara, jambo linalomfanya mtalii aone wanaume tu.

Dhana: Mikahawa ya wahudumu wenye sare za watumishi ni danguro.

Ni mikahawa yenye michezo na nyimbo. Mingi hutoza kiingilio cha saa moja juu ya chakula. Kumgusa mhudumu au kumpiga picha ni marufuku, hata yule anayegawa vipeperushi barabarani. Picha ya papo hapo mnayopiga pamoja, iitwayo cheki, hulipiwa peke yake. Wapiga debe wanaokushika mkono wakupeleke ghorofani wamekatazwa kisheria, na bili za huko ndizo zinazoleta malalamiko. Ingia pale bei ilipobandikwa mlangoni.