Kukiri Kosa na Ripoti ya Maabara Katika Kesi ya Mauaji

Ndugu wa marehemu wanaofika kwetu hapa Mbeya kutafuta msaada wa kisheria huuliza kwa uchungu kwa nini mtu aliyekiri kuua ameachiwa huru na Mahakama Kuu. Wana haki ya kuuliza, na jibu hutegemea alikiri mbele ya nani, katika hali gani, na maneno yake yanaungwa mkono na nini.

Sheria ya Ushahidi inaruhusu maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yaliyoandikwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yapokelewe iwapo yalitolewa kwa hiari, na mzigo wa kuithibitisha hiari hiyo uko kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Mshtakiwa akidai aliteswa, huendeshwa kwanza kesi ndogo ndani ya kesi, ili kuamua kama alikiri kwa hiari. Muda nao huangaliwa: askari ana saa 4 za kumhoji mtuhumiwa tangu awekwe chini ya ulinzi, zisipoongezwa kisheria, ingawa muda wa kumsafirisha, tuseme kutoka kijiji cha ndani huko Chunya, hauhesabiwi. Aliyekiri huku amezungukwa na watu wenye fimbo hakukiri kwa hiari, hata kama mtendaji wa kijiji aliandika kila neno.

Maelezo yaliyokanwa baadaye bado yanaweza kumtia mtu hatiani, lakini tangu shauri la Tuwamoi dhidi ya Uganda la mwaka 1967, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ya wakati huo, majaji huyapokea kwa tahadhari na kwa kawaida hutafuta ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono, isipokuwa wakiridhika kabisa kwamba ni ya kweli. Mtuhumiwa akisema panga limefukiwa migombani, na likakutwa hapo hapo, maelezo yake hupata uzito. Akisema alimnyonga marehemu, ilhali daktari aliyechunguza mwili amekuta majeraha ya panga, hupwaya.

Vinasaba (DNA) navyo hueleza damu ni ya nani, wala si ilifikaje pale. Shati lenye damu lililolowa mvua ya Tukuyu, likifungwa kwenye mfuko wa nailoni badala ya kukaushwa na kutiwa kwenye bahasha ya karatasi, huvunda, na vinasaba vikaharibika kabla halijamfikia Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake huvipima. Aliyelichukua, aliyelitunza na aliyelisafirisha wote wanapaswa kueleza walivyokabidhiana, kwa sababu wakili wa utetezi atauliza kama lililopimwa ndilo lililochukuliwa.

Kwa hiyo tunawasihi: mkikuta silaha eneo la tukio msiiguse, na mtuhumiwa asipigwe, kwani makovu yake yataoneshwa mahakamani kupinga maelezo mnayoyategemea.