Pampu ya akiba ya vakyumu haina upepo

Pampu ya akiba ya vakyumu ni kimota cha betri kinachofyonza hewa kutoka kwenye busta ya breki, yaani kifaa kinachouongezea mguu nguvu, pale injini inapozimika au inapofyonza kidogo. Basi, ni hicho tu, na vakyumu ni huko kufyonzwa hewa. Lakini kila gari la kulala ndani la wageni wanaotoka Iringa kwenda Arusha likisimama gereji hapa Dodoma, utasikia fundi akimweleza mwenzake kwamba "hili lina upepo wa akiba".

Upepo ni wa malori na mabasi. Kule kompresa hujaza mitungi, na hewa iliyobanwa ndiyo inayokaza breki. Ikivuja yote, springi hufunga magurudumu zenyewe.

Magari haya ya wageni yana breki za mafuta, na busta inausaidia mguu tu. Ndani yake mna diaframu, kiwambo cha mpira: upande mmoja hewa imefyonzwa, upande wa pili hewa ya nje huingia unapokanyaga pedali na kuisukuma. Diaframu ya kipenyo cha sentimita 25 inaweza kuongeza msukumo wa zaidi ya kilo 300. Na kwa kuwa anayesukuma ni hewa ya nje, huku kwetu, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, busta hupungukiwa nguvu karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Dar es Salaam. Hilo hakuna pampu ya kulitibu.

Injini ya petroli hufyonza vizuri ukiachia mafuta, ila ukikanyaga mafuta kupanda mlima inafyonza kidogo sana. Dizeli kwa kawaida huwa na pampu yake, kwenye baadhi ikiwa nyuma ya altaneta.

Sasa vakyumu ikikatika, hakuna kinachojifunga. Utapata kukanyaga mara mbili tatu kwa akiba iliyobaki kwenye busta, kisha pedali inakuwa ngumu. Breki zipo bado, ila gari la tani tano likiwa linateremka mlima wa Nyang'oro, mguu peke yake hautoshi. Hapo ndipo kimota kile kinapohitajika.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, iite utakavyo, ila usimwambie dereva kwamba ikifa gari litajifunga. Na akilalamika kwamba pedali inazama, usimuuzie pampu. Kagua mafuta ya breki na masta silinda, ile inayosukuma mafuta hayo. Pedali ikiwa ngumu, anza na mpira wa vakyumu na valvu yake.