Hamchangii kioo

Kadi nyingine ya mchango imeingia, na tena ina mchoro wa dirisha la kanisa uliogawanywa viraba: "Nunua kipande kimoja cha kioo." Jamani, kioo mnacho! Kwenye dirisha la kale la vioo vya rangi, kioo ndicho huchakaa mwisho. Kinachochoka ni risasi (ile metali laini, si ya bunduki) inayoshika vipande, puti (uji mzito wa kuzibia mianya) iliyo ndani yake, waya za shaba zinazofunga paneli kwenye nondo, na nondo zenyewe.

Na kabla hajatokea wa kusema kioo cha kale hutiririka polepole, ndiyo maana ni kinene chini: hapana. Kilipulizwa kwa mdomo, kikatoka na unene usiolingana tangu siku ya kwanza. Tuendelee.

Simama ubavuni mwa dirisha, usilitazame kwa mbele. Paneli iliyotoka tumbo igonge taratibu kwa ncha ya kidole karibu na risasi. Ikicheza na kutatarika, puti imekwisha. Tumbo dogo lisilocheza liacheni. Hapa mafundi hatuna kipimo tulichokubaliana. Tunaamua kwa mkono, na risasi nyingi ambazo zingeweza kukaa miaka mingine mingi zimeshang'olewa kwa haraka ya fundi. Nondo hazina mjadala: chuma kikishika kutu hufura, kikapasua jiwe lilikochomekwa. Kamati hugundua hilo jukwaa la mafundi limeshasimama na linalipiwa kwa wiki, halafu bili inayokuja ni ya mwashi.

Ndiyo maana lengo la mchango lililotangazwa kabla ya ukaguzi hunikera. Nikisema hivyo, naletewa mfano wa Wales. Septemba 15, 1963, bomu liliwaua wasichana wanne katika kanisa la 16th Street Baptist, Birmingham, Alabama. Msanii John Petts wa Wales akajitolea kutengeneza dirisha, gazeti la Western Mail likachangisha, na hakuna aliyeruhusiwa kutoa zaidi ya shilingi 2 na peni 6 za Uingereza, tajiri asije akaligeuza dirisha kuwa lake. Pesa zilitimia, dirisha likawekwa 1965. Mfano mzuri, ila lile lilikuwa dirisha jipya. Petts aliweza kupiga hesabu kabla hajakata kipande hata kimoja. La kale halina bei mpaka paneli ilazwe mezani.

Tazameni dirisha kuu la mashariki la York Minster, kanisa kuu la mji wa York, Uingereza. Lina paneli 311. John Thornton alilikamilisha kati ya 1405 na 1408, kwa shilingi 4 kwa wiki, pauni 5 kila mwaka na pauni 10 mwishoni. Ukarabati ulianza 2008 ukaisha 2018, kwa takriban pauni milioni 11.5. Mnadhani walikuwa wananunua vioo? Walikuwa wakilipia saa: kupiga picha kila paneli, kunakili mistari ya risasi kwenye karatasi, kusafisha kidogo kidogo bila kugusa rangi iliyolegea, kuunga nyufa kwa gundi, kung'oa risasi za viraka ambazo mafundi wa baadaye walizipitisha katikati ya nyuso za watakatifu.

Kwa hiyo mchango wa kwanza uwe wa ukaguzi na paneli moja ya majaribio. Chagueni mbovu kuliko zote. Mkichukua ile ya chini kwa sababu ngazi inafika, makisio yatawadanganya. Baada ya hapo tangazeni lengo, na asilimia 15 hadi 20 ya dharura juu yake.

Wekeni pia fungu la kioo cha kinga upande wa nje. Kati yake na dirisha liachwe pengo la sentimita chache, linalopumua kuelekea ndani ya jengo. Msikubali plastiki iliyokazwa kwa skrubu: hugeuka njano, hufungia unyevu, na rangi ya karne nyingi hubanduka. Hata hilo pengo si dawa kamili. Jengo linalopashwa joto Jumapili tu linaweza kutoa umande humo humo, na sura ya nje hubadilika. Wanaolalamikia mng'ao wana haki.

Wanaotaka majina yao yaonekane, wapeni kibao ukutani. Na kama kadi zimeshasambazwa, badilisheni neno moja: badala ya kipande cha kioo, uzeni saa ya fundi. Viraba vitawaumbua siku mtu atakapokuja na kadi yake kutafuta kipande alichonunua.